Alisema Nifute Yote ya Zamani

Baba Imani,

Nimekaa kibandani kwangu hapa Lurambi, Jumapili mchana, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wajue sipo. Imani ameenda kwa kukhu wake, bibi yake mzaa baba. Tangu tukuzike nimejaribu kukuandikia mara kadhaa, na kila mara nilichana karatasi kwa sababu sikuwa na cha kukuambia isipokuwa kilio. Leo ninacho. Leo nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira hii, nakwambia, imenilisha vizuri kuliko uji wote walioniletea akina mama wa kanisa.

Kwanza za nyumbani. Imani ameota urefu, na anavaa koti lako la mvua akiwa amelikunja mikono. Nimemkataza, hasikii. Mama yako magoti bado yanamsumbua. Ile nafasi yako kitandani nimeijaza nguo ambazo sijazipiga pasi, kwa hiyo usiku nikinyoosha mkono nagusa nguo. Hayo yanatosha. Nataka kukuambia kuhusu yule mtu.

Jina lake silitaji. Nitamwita Daktari, kama ulivyokuwa ukimwita wewe kwa heshima zako zote, ingawa hakuna aliyewahi kuona shule iliyompa huo udaktari. Mengine ninayosema hapa unayajua, lakini wacha niyapange, maana nimeyapanga kichwani siku nyingi na sasa nayatoa.

Miaka saba ulirekodi ndege. Kabla hujapeleka wageni wako kutembea msituni ulikuwa tayari umeshaingia na kutoka, ile rikoda nyeusi uliyoachiwa na mgeni ikining'inia shingoni kama msalaba. Na kila ukibonyeza, ulikuwa na desturi yako. Ulitaja siku, saa, hali ya hewa, mahali uliposimama, kisha jina la ndege kwa Kiisukha kama alivyokufundisha babako. Halafu unanyamaza, ndege anaongea. Nilikuuliza siku moja kwa nini usianze na ndege moja kwa moja, ukasema ndege asiye na mahali ni kelele tu.

Sauti hizo ulizihifadhi kwenye laptop niliyokutengenezea mimi mwenyewe kutoka kwa mashine mbili zilizokufa. Na hapa nakiri kitu ambacho sijamwambia mtu. Mimi ni fundi wa kompyuta. Watu wa Kakamega nzima wananiletea diski zao, nawakemea: nakala yako iko wapi, mbona huna nakala? Na mume wangu mwenyewe hakuwa na nakala. "Nitakunakilia wikendi," ndivyo nilivyokuwa nasemanga. Wikendi ikifika, mteja anakuja na printa. Miaka saba, Baba Imani. Ingenichukua mchana mmoja.

Daktari alikuja nyumbani mara tatu. Kila mara nilichinja. Alikaa kwenye kiti chako, akala kuku wetu, ingokho, na ugali wa obusuma, akanawa mikono, akasema shirika lake dogo la mazingira litaweka sauti zako mahali ambapo dunia nzima itazisikia, na jina lako litakuwa juu. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na sahani. Hakuniuliza jina. Mara ya tatu aliondoka na laptop yako, ya kuazima wiki mbili.

Ilirudi tupu. Alisema virusi viliingia, vikala kila kitu, na kwamba hata yeye aliumia sana. Uliniletea hiyo laptop hapa, kwenye meza hii ninayoandikia. Niliifungua nikaangalia dakika chache tu. Nilikuambia, "Hii si virusi. Hii ni mkono wa mtu." Virusi huacha uchafu. Diski ile ilikuwa imefutwa, ikapanguswa, ikafutwa tena. Ukanikasirikia. Ukasema, "Mama Imani, si kila mtu ni mwizi."

Nimekusamehe mengi, lakini hilo neno bado sijalimaliza.

Basi ukaanza upya. Mvua ndefu zilikuwa zimeingia na mimi nilikuomba ungoje zipungue, lakini ulisema kuna ndege wanaolia majira hayo tu na huna miaka saba mingine. Wiki tano ulirudi nyumbani umelowa hadi kwenye soksi. Kikohozi kikaanza, ukasema ni vumbi, vumbi katika mvua. Kufikia tulipokupeleka hospitali mapafu yalikuwa yamejaa. Siku ya tisa uliniuliza kama rikoda iko mahali pakavu. Nikasema iko. Hukuniuliza kitu kingine tena.

Kwenye mazishi Daktari alipewa nafasi ya kuongea. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili akasema ulikuwa msaidizi wake mwaminifu. Msaidizi. Watu waliitikia kwa huzuni. Mimi nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwenye jeneza lako, nikalichukua hilo neno nikaliweka.

Miezi minane baadaye nilikuwa jikoni nasonga obusuma, redio imewashwa. Wakamleta Daktari. Akasema amekaa msituni miaka saba, alfajiri baada ya alfajiri, na sasa mkusanyo wake wa sauti za ndege uko tayari, utazinduliwa mjini Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kisha wakacheza sauti moja. Shorobo mkubwa wa buluu, akianza na ule mngurumo wake kama mtu anayesukutua. Ilikuwa imekatwa mwanzoni. Mtu mwingine asingejua. Lakini mimi nimelala na wewe miaka kumi na minne, najua unavyovuta pumzi ukimaliza kuongea, na ile pumzi ilikuwa imebaki, kipande kidogo tu, kabla ya ndege kulia.

Nilikaa chini. Obusuma ikaungua.

Nilitaka kwenda kwake siku hiyo hiyo. Nikajiuliza niende na nini. Pumzi? Nimwambie mtu gani kwamba nimesikia pumzi ya marehemu redioni? Wangeniletea mchungaji. Nikaendelea kuamka, kufungua kibanda, kutengeneza simu na laptop za watu, na kila siku nilimlaani yule mtu kwa jina lake kamili wakati nikifagia. Usinikemee. Ulikuwa hupo wa kunizuia.

Halafu Alhamisi moja, siku mbili kabla ya huo uzinduzi, msichana akaingia hapa na mkoba wa laptop. Anaitwa Brenda, katibu wa ofisi ya Daktari, mpole, ana sauti ya mtu aliyezoea kugombezwa. Alisema, "Madam, hii mashine imeshinda ikilia nafasi imejaa. Tumeibadilishia mfumo juzi, sasa hata slaidi za bosi hazifunguki." Akanipa na namba ya siri kwenye kikaratasi. Aliposema jina la bosi nilishika kona ya meza. Brenda hakunijua. Alikuja kwa sababu kibanda changu kiko karibu na steji.

Wacha nikueleze kilichokuwa kimetokea, na nitakueleza pole pole kama zamani, ulipokuwa unauliza mpaka uelewe. Ukiweka mfumo mpya kwenye kompyuta, ule wa zamani hauondoki papo hapo. Unasukumwa kando, unafungiwa kwenye folda moja inayoitwa Windows.old, ili ukijuta uweze kurudi nyuma. Folda hiyo ni kubwa sana. Inakaa siku chache halafu mashine inaitupa yenyewe, lakini kabla haijatupwa inakula nafasi yote, na mwenye kompyuta haelewi kwa nini diski imejaa na yeye hajaongeza kitu. Kazi yangu ni kuiondoa. Ni kazi ya nusu saa, tena mashine ndiyo inayofanya, mimi nakunywa chai.

Aliyemwekea Daktari mfumo mpya alikuwa amechagua kuanza upya bila kubeba chochote. Daktari alitoa pembeni vitu alivyovitaka, mfumo ukawekwa, akarudisha vyake. Vingine vyote alijua vimekwenda. Nikampigia Brenda nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mteja, kama kuna chochote cha zamani cha kubakiza. Nilisikia akiuliza upande wa pili. Nikaisikia sauti ya Daktari mwenyewe ikijibu, ya mtu anayetafuna. "Mwambie afute yote ya zamani."

Sifuti kabla ya kuchungulia. Nimeona watu wazima wakilia hapa kwa picha za harusi. Nikaifungua ile folda, nikaingia kwenye ya watumiaji, nikaingia kwenye jina lake, nikaingia kwenye zile alizoziweka kwenye skrini yake ya mbele. Na hapo, Baba Imani, kulikuwa na folda iliyoandikwa AYUB GHAFI.

Jina lako. Kwa herufi kubwa. Aliliandika mwenyewe, kisha akaongeza "ghafi", kama vile wewe ni mahindi yasiyokobolewa.

Ndani faili mia nne na kitu. Nilivaa spika za masikioni. Nilibonyeza faili ya kwanza niliyoiona, bila kuchagua. Ikaanza: "Leo ni Jumanne. Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kumenyesha usiku, sasa inadondoka tu kwenye majani. Niko kando ya mto, chini ya daraja la miti. Kofia yangu imelowa, mama Imani atanigombeza." Halafu jina la ndege. Halafu ile pumzi. Halafu shorobo.

Sikulia. Ningependa kukuambia nililia. Nilifunga mlango wa kibanda kwa ufunguo, nikachukua diski yangu ya nje, mpya, niliyokuwa nimeiweka ya kuuza, nikanakili kila kitu. Nilipomaliza nikanakili tena kwenye nyingine. Na ya tatu. Wakati ule mstari wa kijani ukitembea polepole kwenye skrini nilikuwa nasema kwa sauti, wikendi imefika, wikendi imefika, kama mwendawazimu.

Kisha nikakaa nikaitazama kompyuta yake. Ilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kumfanyia vile alivyokufanyia: kufuta, kupangusa, kufuta tena, halafu nimwambie ni virusi, pole sana Daktari, hata mimi nimeumia. Nilikuwa nimeshaandika ile amri. Ilikuwa imebaki kubonyeza. Nikafikiria, akisimama Jumamosi mbele ya wageni bila sauti hata moja, watamwonea huruma. Watampigia makofi ya pole. Mtu huyu akipewa huruma ataila kama alivyokula kuku wangu.

Nikafuta ile amri. Nikafanya kazi yake vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niliondoa folda ya zamani, nikasafisha masalio yote, diski ikapumua. Halafu nikafungua slaidi zake nione kama zinacheza, maana Brenda aliniomba nizijaribu. Zilikuwa na ndege kumi na wawili, kila ndege na picha yake, ukibonyeza picha sauti inalia. Slaidi zinaita sauti kwa jina la faili. Ukiweka faili nyingine yenye jina lile lile mahali pale pale, slaidi haijui tofauti.

Nikaziweka za kwako. Ghafi.

Mbili nilizichagua kwa uangalifu, ile ya shorobo wa Jumanne na ya hondohondo. Hondohondo nilimtafuta karibu saa nzima, kwa sababu nilikumbuka ile asubuhi moja Daktari aliyokubali kuamka aende na wewe, ukarudi nyumbani ukicheka peke yako na ukakataa kuniambia sababu. Niliipata. Nikajua ulichokuwa unacheka.

Brenda akaja Ijumaa jioni kuichukua. Akafurahi, akaniomba nihudhurie Jumamosi nikae kando ya projekta, isije ikagoma mbele ya watu. Sikuwa nimeomba. Niliona kama wewe umemtuma. Usiku kucha nilikuwa na hofu moja tu, kwamba atazijaribu nyumbani. Hakuzijaribu. Mtu aliyeiba kitu zamani anaanza kuamini ni chake, na cha kwako hukikagui.

Ukumbi wa hoteli ulijaa. Kulikuwa na wageni kutoka Nairobi, wakubwa wa kaunti, walimu, na wenzako waongoza wageni wa msituni, Musa na wengine saba, wamepangwa nyuma kabisa na fulana za rangi moja ili wapigwe picha. Musa aliniona kwenye meza ya mitambo akanyanyua nyusi. Nikamfanyia ishara atulie. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani ulilonunua ukasema linanifanya nionekane mwalimu mkuu.

Daktari aliongea muda mrefu. Akaeleza baridi ya alfajiri, umande, siafu. Siafu! Mtu ambaye, Musa alinisimulia, alitoka msituni mbio kwa sababu ya mdudu mmoja kwenye soksi. Kisha akasema, sasa sikilizeni niliyoyasikia mimi peke yangu, akabonyeza shorobo.

"Leo ni Jumanne. Saa kumi na mbili na robo asubuhi."

Ulijaza ule ukumbi, Baba Imani. Spika zilikuwa kubwa, kila mahali ulikuwepo wewe. Ulipofika kwenye kofia na mimi kukugombeza, watu wakacheka, wakidhani ni utani wa Daktari. Lakini nyuma hawakucheka. Niliwaona wale wanane wakinyooka mmoja mmoja. Kisha shorobo akalia, mzima, na kabla hajamaliza Musa alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Huyo ni Ayub."

Daktari akatabasamu, akasema kuna hitilafu ndogo ya mitambo, akabonyeza inayofuata. Ukamtakia bundi asubuhi njema. Akabonyeza kasuku wa kijivu, wale waliobaki wachache sana, ukasema umewangoja siku kumi na moja na leo wamekuja wawili. Sauti yako ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Mama mmoja wa Nairobi akaacha kuandika akaweka kalamu chini. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Daktari akawa anabonyeza haraka haraka, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na ndivyo alivyofika kwa hondohondo.

Ulitaja siku na saa, ukasema leo uko na mgeni. Kisha, karibu sana na rikoda, sauti yake mwenyewe: "Ayub, huyo anayelia ni ndege gani?"

Wewe ukanong'ona, "Huyo ni hondohondo, Daktari. Ongea polepole."

Na yeye: "Mimi naona wote wanalia sawa tu."

Hondohondo! Ambaye mtoto wa chekechea wa Shinyalu anamjua akiwa ndani ya blanketi. Mtu mmoja akacheka kwa pua, halafu wote. Nimesikia watu wakicheka maishani mwangu, lakini sijawahi kusikia kicheko kikimvua mtu nguo.

Alinijia mezani. Midomo yake ilikuwa mikavu. Akaniinamia akasema chini chini, "Zima hiyo kitu."

"Mashine haina shida, Daktari," nikamwambia.

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama Imani. Umekula kwangu mara tatu."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nimeyafanyia mazoezi nikifagia, lakini niliona uso wake ukinikumbuka, kidogo kidogo, sahani baada ya sahani, na nikaona hayo niliyosema yanatosha. Nilichomoa diski kwenye mkoba, nikampelekea yule mama wa Nairobi aliyeweka kalamu chini, nikamwambia mia nne ziko humo na mwenye sauti ni mume wangu, na huko nyuma wako watu wanane waliomjua. Kisha nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya hoteli.

Yaliyofuata ni mafupi. Mkusanyo umesimamishwa. Wale wa Nairobi wamekuja nyumbani, wakamhoji Musa, wakailinganisha sauti yako na ile uliyoacha kwenye simu ya Imani ukimwimbia. Wameandika barua kwamba mkusanyo utatoka upya kwa jina lako. Nimeisoma kwa makini na nimeiweka na nakala, usiwe na wasiwasi. Redio ile ile imemwalika Musa. Daktari shirika lake limemwomba akae pembeni.

Lakini kuna jambo moja halijanipendeza, na sikufichi. Brenda alifukuzwa Jumamosi ile ile, kabla hata viti havijakunjwa. Alikuwa amenipa kompyuta kwa nia njema na mimi nikamtumia kama daraja. Alikuja hapa Jumatatu akasimama mlangoni akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilimwambia kama ningemwambia angekataa, na ningefanya tu. Huo ndio ukweli. Sasa anafanya kazi hapa na mimi, anashika mambo haraka, lakini bado haninywei chai. Simlaumu. Ningerudi nyuma ningefanya vile vile, na hilo pia hajalisikia kwangu lakini nadhani analijua.

Wiki tatu zilizopita Daktari alikuja nyumbani na wazee wawili wa kanisa. Aliomba msamaha kwa lugha ya mkutano, kulikuwa na kutoelewana, kulikuwa na pengo la mawasiliano. Aliomba nitoe taarifa kwamba mlifanya kazi pamoja. Mama yako akanishika mkono akasema, "Mwanangu, msamehe tupumzike." Nampenda mama yako. Niliutoa mkono wangu polepole.

Nilimwambia Daktari twende kaburini kwako. Wazee wakafuata. Nikamwambia aseme alichofanya, si kwangu, kwako. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alichukua. Nikamwambia apaze sauti, wewe bado hujasikia. Akasema alichukua sauti na akafuta laptop. Nikamwambia aendelee, aseme kuhusu mvua. Hapo akalia. Alilia kweli, mabega yalikuwa yanaruka, na wazee wakanitazama kana kwamba sasa ni zamu yangu kuwa mkubwa. Nilingoja nisikie kitu kikilegea kifuani. Nilifikiri nitashiba. Sikushiba, Baba Imani. Alijipangusa macho akaondoka kwenda kwake, kwa mke wake, na wewe ulibaki pale pale.

Kama unaona nimekuwa mtu mbaya, sema nami nikija huko. Kwa sasa niko hivi.

Sasa sikia sababu ya mimi kukuandikia leo na si siku nyingine. Jana Musa alipita hapa. Ana shemeji anayelima mahindi Likuyani, na huyo shemeji amemwambia kuna mgeni huko, anaitwa Daktari, anazunguka kwa wazee na simu nzuri, anawarekodi wakiimba nyimbo za mavuno na za kutoa watoto jandoni. Amekula kwa watu wawili tayari. Anawaahidi majina yao yatakuwa juu.

Kesho kibanda kinabaki na Brenda. Nimenunua diski tatu, nimezijaribu zote, na ile sauti ya hondohondo nimeiweka kwenye simu. Nitaanzia kwa huyo shemeji wa Musa, kisha nyumba kwa nyumba. Nitakaa na hao wazee, niwanakilie nyimbo zao mbele ya macho yao, niwaachie wenyewe, halafu niwachezee wamsikie akikuuliza ndege gani huyo. Nataka akirudi kwao kesho kutwa akute kila mlango unamjua jina.

Sitamgusa, nakuahidi, na sitamtukana. Nitakuwa tu nimefika kabla yake, huko na popote pengine atakapokwenda.

Pumzika, baba wa mtoto wangu. Gari la kwanza la Likuyani linaondoka saa kumi na mbili, na nimeshalipia viti viwili, kimoja cha Musa, kimoja changu.

Ni mimi,
Mama Imani